Muhuri Utafuata

Kuna watu wakivaa tai wanafikiri wameoga. Nimefanya nao kazi miaka ishirini na miwili, kwa hiyo najua ninachosema. Mimi ni mpeleka hati wa Tume inayosimamia kampuni za maji. Tume ikitaka mtu aje aseme anachokijua, au alete makaratasi aliyoyafungia kabatini, inaandika hati ya wito, na hati haitembei yenyewe. Naitembeza mimi. Ofisini wananiita Kiguu na Njia, na wengine wameshasahau kwamba mama yangu alinipa jina jingine.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Hati inatoka nakala mbili. Moja namkabidhi mhusika mkononi, siyo mlinzi, siyo jirani, siyo mke wake. Ya pili anaitia saini kwamba amepokea, nairudisha ofisini. Ukishaitwa kwa hati huna ujanja, usipokuja unakamatwa. Lakini hati hiyohiyo ni kinga yako. Kanuni zinasema aliyelazimishwa kwa hati yenye muhuri wa Tume haadhibiwi na mwajiri wake kwa alichokisema wala kwa alichokileta. Anayejipeleka mwenyewe kinga hiyo hana. Akitoa siri za kazini anafukuzwa, na akibeba daftari la kazini anaitwa mwizi.

Sasa sikilizeni uchafu wetu. Muhuri wa Tume ni wa chuma, ule unaobana karatasi mpaka alama inatuna, na unakaa kwenye kabati la Katibu. Ufunguo unaning'inia kwenye mkanda wa suruali ya Katibu. Katibu anafika saa nne, anapiga miayo ya mtu aliyeshinda shambani, na ikifika saa sita hayupo. Sisi wapeleka hati tunatoka saa mbili asubuhi, maana ukichelewa unayemtafuta keshaingia mitini. Kwa hiyo tangu nianze kazi tunatoka na hati zisizo na muhuri. Tukirudi na nakala zenye saini, Katibu anazibana zote kwa mpigo siku akijisikia, zinaingia jaladani zimependeza. Nakala ya mwananchi inabaki vilevile ilivyotoka. Mtu akiuliza, tunamjibu, "Muhuri utafuata." Nimelisema neno hilo miaka yote bila kupepesa macho, na muhuri haukumfuata mtu hata mmoja.

Fundi wa maabara wa kampuni ya maji ya hapa kwetu ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Kaka alituacha miaka sita iliyopita na watoto watatu, ambao mimi ni shangazi yao na kero yao. Wanakaa nyumba ya kampuni, vyumba viwili na jiko, nyuma ya matangi. Mawifi tunajulikana kwa maneno, na sisi wawili hatujawaangusha wenzetu. Yeye husema mimi naingia nyumba za watu kama mkaguzi wa kodi. Mimi humwambia chumvi ya mboga anaisawazisha kijikoni kwa kisu ndipo aitie sufuriani, na hilo si tusi, ni kweli tupu, nimemwona kwa macho yangu.

Mwaka huu malalamiko ya maji yalizidi. Watoto waliharisha mtaa kwa mtaa, na wauguzi wa wodi ya wazazi wakawa wanachemsha mpaka maji ya kupigia deki. Tume ikafungua shauri. Siku ya kwanza kampuni ilileta rejista ya vipimo, jalada gumu, karatasi nyeupe, mwandiko wa mtu asiye na haraka. Kila bomba, kila siku, vijidudu sifuri. Nilimweleza wifi habari hiyo Jumapili, tukiwa jikoni kwake tunachambua mchele. Aliacha kuchambua.

"Hiyo siyo yangu," akasema. "Ya kwangu ni daftari la kazi, lipo maabara, lina madoa ya dawa na pembe zimeliwa. Hiyo ya jalada gumu inaandikwa ghorofani na mtu ambaye hajawahi kushika kisahani cha kupimia."

"Basi njoo uliseme hilo."

"Nije vipi, wifi? Nikija kwa miguu yangu nimekwisha. Kazi itakwenda, na humu ndani watatutoa mimi na watoto. Niiteni. Nilazimisheni kwa karatasi. Nikilazimishwa nitasema yote, na daftari nitalileta."

Jumatatu nilimvizia Mwenyekiti wa Tume kwenye ngazi, maana lifti yetu imekufa zamani. Ni jaji mstaafu, mzee asiyecheka, anayepumzika kila ghorofa. Nilimnong'oneza kwamba yupo fundi, lipo na daftari. Aliniangalia kwa muda huku akihema, kisha akasema, "Aitwe." Jumatano hati ikatoka, na kwa kuwa ni wifi yangu wenzangu waliniachia niipeleke mimi.

Alinipokelea mlangoni, akaisoma mstari kwa mstari, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Muhuri uko wapi?"

"Utafuata."

"Utafuata lini?"

"Wifi, mimi nilianza kupeleka hati wewe bado unasoma shule. Tia saini hapo chini tuendelee na mambo mengine."

Akatia saini. Kesho yake akaipeleka kwa mkuu wake wa maabara kuomba ruhusa ya siku ya shauri, kama mfanyakazi mwenye adabu anavyofanya, na mkuu wake akamwambia hakuna tatizo, ila akamwomba hati dakika moja aitoe kopi.

Shauri tunalisikiliza kwenye bwalo la zamani la chakula. Feni zipo tatu, inazunguka moja. Wananchi wanakaa viti vya plastiki, waheshimiwa wanakaa viti vya ngozi, na mbele ya kila mheshimiwa kuna chupa mbili za maji ya dukani. Maboksi ya maji hayo yanaletwa kila mwezi, bure, na kampuni ya maji. Hakuna anayeona ajabu. Kampuni inayodaiwa kuwanywesha watu uchafu inawaletea waamuzi wake maji ya chupa, nao wanafungua vifuniko, wanakunywa, wanafuta midomo.

Wifi aliapa, akakaa, akaweka daftari lake mezani. Mwenyekiti akamtaka aeleze kazi yake.

"Nachukua maji bombani, nayaweka kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, nakifungia kwenye kabati la joto. Kesho yake nahesabu vidoa vilivyoota. Kila kidoa ni kijidudu cha kinyesi kilichozaliana."

"Kinyesi?"

"Kinyesi, mheshimiwa. Cha mtu au cha mnyama, kisahani hakisemi."

Watu waliguna bwalo zima. Wifi hakuinua macho. Alifungua ukurasa akasoma kwa sauti ileile anayosomea orodha ya sokoni. "Bomba la shule ya msingi, vidoa arobaini na viwili. Bomba la soko, mia na kumi. Bomba la wodi ya wazazi, havihesabiki."

"Havihesabiki maana yake nini?"

"Vimejaa mpaka vimeshikana, kisahani kizima kimekuwa utando mmoja unaonata. Hapo huna namba ya kuandika. Unaandika havihesabiki."

Mwenyekiti akafungua rejista ya kampuni, tarehe ileile. Wodi ya wazazi, sifuri. Wifi akamwomba atazame na mwezi wa pili, wakati ule mtambo ulipoharibika na bomba la soko likawa kavu siku kumi na moja. Mwenyekiti akatazama. Siku zote kumi na moja, maji yasiyokuwepo yalikuwa yamepimwa na kukutwa safi. Mama mmoja nyuma alicheka kwa sauti, kicheko kibaya, na wala hakuna aliyemkemea.

Ndipo wakili wa kampuni aliposimama. Huyu ni mtu laini. Anaongea polepole, ananukia mpaka mlangoni, na akikutaja anainamisha kichwa kidogo kana kwamba anakupa pole. Mkononi alikuwa na kopi ya hati ya wifi.

"Mheshimiwa, nina pingamizi dogo. Hii ndiyo hati aliyopewa shahidi. Haina muhuri. Kwa kanuni zenu wenyewe hiyo siyo hati, ni karatasi. Shahidi hakulazimishwa. Amekuja kwa hiari yake, ametoa siri za mwajiri wake, na amebeba daftari la mwajiri wake bila ruhusa. Naomba ushahidi wake ufutwe wote, na daftari lirudishwe kwa mwenyewe."

Nakala ya jaladani ilipoletwa ilikuwa na muhuri, tena umebanwa vizuri. Zote mbili zikawekwa sambamba mezani. Mwenyekiti akamgeukia Katibu. Katibu alikuwa anaangalia dari, anaikagua kana kwamba ameajiriwa kuipaka rangi. Mwenyekiti akaahirisha hadi kesho asubuhi na kuamuru mpeleka hati aje aseme kwa kiapo alichomkabidhi shahidi. Wifi alinitazama kutoka kwenye kiti chake. Hakunitazama kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angenitazama kwa hasira.

Baada ya nusu saa Katibu akaniita ofisini kwake. Alinikaribisha kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na akanisukumia chupa ya maji ambayo sikuigusa.

"Dada yangu, kesho usiwe na wasiwasi. Sema kweli tu. Uliipeleka hati haina muhuri, basi, umemaliza."

"Na wifi yangu?"

"Hayo ni ya kampuni na mfanyakazi wao, sisi hayatuhusu. Wewe jifikirie. Masjala inahitaji mkuu mpya. Kukaa kwenye kiti, feni juu yako, hutatembea tena juani. Umri wako huo unastahili kupumzika." Akatabasamu. "Kanuni zinataka hata wewe uitwe rasmi. Hii hapa hati yako."

Nikaipokea. Ilikuwa na muhuri. Umetuna katikati ya karatasi, kila herufi inapapasika kwa kidole. Miaka ishirini na miwili nimeambiwa muhuri unachelewa, ufunguo haupo, Katibu katoka, na leo kwa ajili ya kumzika wifi yangu muhuri umepatikana saa nane mchana, siku ileile, umebanwa na yeye mwenyewe. Maisha yangu yote nimeona watu wakihongwa ili waseme uongo. Sikujua kwamba hata kweli inaweza kununuliwa na ikanuka vilevile.

Alasiri nilikwenda kwa wifi. Barua ya kampuni ilikuwa imetangulia kufika, ipo mezani chini ya kikombe. Anasimamishwa kazi kwa kutoa siri na kuchukua mali ya kampuni, na nyumba aiache ndani ya siku saba. Nikaisoma mara ya pili ndipo nikaiona tarehe. Iliandikwa jana yake, kabla hajafungua mdomo.

"Walijua," nikasema. "Tangu walipotoa kopi walijua."

"Na mimi nilijua. Nilikuuliza muhuri uko wapi."

Mtoto wake wa mwisho alikuwa sebuleni anapanga vitabu vyake kwenye boksi, hakuna aliyemtuma. Nikamwambia wifi kile nilichokuwa nimekiamua njiani.

"Kesho nitasema muhuri ulikuwepo. Nitaapa niliipeleka hati ikiwa nao, na kama kopi yao haina, waulizwe wao walifanyaje. Acha wanifunge."

Wifi akacheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Wifi, unajua mara ngapi nimeitwa ghorofani nikaambiwa niandike sifuri? Walinibembeleza, wakanitisha, wakaniletea mpaka kalamu. Sikuandika. Sasa leo nikuombe wewe uniandikie?"

"Utakwenda wapi na watoto?"

"Sijui." Akachukua ile barua, akaikunja vizuri, akairudisha chini ya kikombe. "Lakini usiniandikie sifuri."

Nilirudi kwangu nikiwa nimejichukia kuliko nilivyowahi kumchukia Katibu. Nilivuta boksi la orodha zangu chini ya kitanda. Kila siku ya kazi ninaandika kwenye karatasi majina ya ninaowapelekea hati, mtaa, saa, na kama hati ilikuwa na kasoro naandika kasoro yake. Hakuna aliyeniagiza, ni tabia tu, nisije nikasingiziwa siku moja. Nilizipekua mpaka taa za mtaani zikawaka, na nilichokuwa nakitafuta nikakipata. Nikakifunga kwa mpira na kukitia mkobani.

Asubuhi niliapa nikiwa nimeshika orodha zangu. Wakili wa kampuni akainamisha kichwa chake kidogo.

"Mama, ulipomkabidhi shahidi hati hii, ilikuwa na muhuri?"

"Haikuwa na muhuri."

Katibu akashusha pumzi. Wakili akasema ahsante, akaanza kukaa.

"Sijamaliza," nikasema. "Nimeapa kusema kweli yote, na hiyo ni kipande. Mheshimiwa, hakuna hati ya Tume hii iliyowahi kutoka na muhuri. Nimezipeleka miaka ishirini na miwili. Muhuri unabanwa nyuma, kwenye nakala ya ofisini, mtu akishaondoka. Iliyotoka na muhuri ni moja tu, ni hii ya kuniita mimi jana."

Wakili akasimama tena, ila sasa alisimama haraka. "Mheshimiwa, hayo hayahusiani na—"

"Yanahusiana na wewe," nikamkata. "Mwaka jana Tume hii iliongezea kampuni yako leseni miaka kumi. Iliita mashahidi tisa, na mliwasifia sana wale mashahidi. Niliwapelekea mimi. Ninayo orodha hapa. Wa kwanza, mhandisi wa mtambo, saa tatu na nusu, haina muhuri. Wa pili, mhasibu, saa nne, haina muhuri. Wa tatu..." Niliwasoma wote tisa, mtaa kwa mtaa. "Kama hati isiyo na muhuri ni karatasi tu, basi wale tisa walikuja kupiga soga, na leseni yenu imekaa hewani. Tangu mwaka jana mnauza maji bila kibali. Chagueni."

Mkurugenzi wa kampuni alimvuta wakili koti kutoka nyuma, wakanong'onezana. Katibu alikuwa amevuliwa rangi usoni. Mwenyekiti akanitazama kama alivyonitazama siku ile kwenye ngazi, akasema Tume itapumzika dakika ishirini.

Walirudi baada ya arobaini. Mwenyekiti alisoma kwenye karatasi, neno kwa neno. Tume imejiridhisha kwamba hati zake zote, zilizobanwa muhuri na ambazo hazikubanwa, ni halali na zina nguvu kamili ya sheria. Shahidi alilazimishwa ipasavyo. Kinga yake inasimama, barua ya kumsimamisha kazi haina nguvu, daftari linapokelewa kuwa kielelezo. Wakili akainuka, akainama. "Hatuna pingamizi, mheshimiwa." Alikuwa anatabasamu, na mkurugenzi wake pia.

Wananchi walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimewatazama usoni walipokuwa wanaingia, na sikuona hata mmoja aliyekuwa anafikiria wodi ya wazazi. Waliiokoa leseni. Wifi yangu aliokoka nayo, kama vumbi linaloingia ndani na kiatu. Nilikuwa nimeshinda na nilitamani kunawa mikono, isipokuwa maji yenyewe ndiyo hayo.

Wifi akaitwa amalizie. Alisoma daftari lake karibu saa nzima. Shule, soko, kituo cha mabasi, wodi. Kila alipofika wodi alisema havihesabiki, na baada ya mara ya kumi watu walikuwa wanalisema neno hilo pamoja naye kwa sauti ya chini. Alipofunga daftari, Mwenyekiti alivua miwani.

"Mama, haya umeanza kuyaona lini?"

"Miaka miwili na miezi minne, mheshimiwa."

"Na muda wote huo ulikaa kimya? Watu wanakunywa?"

"Sikukaa kimya. Niliandika barua saba. Nilileta hapahapa, kwa Tume."

Katibu akakohoa. "Mheshimiwa, hakuna barua yoyote ya huyu mama kwenye jalada."

"Sikutia jina," wifi akasema. "Niliogopa. Nilifikiri mkisoma mtakuja kupima wenyewe."

Mimi najua barua isiyo na jina inakwenda wapi. Katibu haifungulii jalada. Anaipiga mstari mmoja mrefu, anaitupa kwenye boksi lililopo mlangoni mwa masjala. Karani wa masjala anazikata katikati, kwa sababu sisi wapeleka hati ofisi haitugawii karatasi, na nyuma ya barua kuna nafasi nzuri tu ya kuandikia. Kila asubuhi nachota kiganja cha nusu karatasi na kuandika orodha yangu. Katika miaka yote hiyo sijawahi kugeuza hata moja kuangalia upande wa pili kuna nini.

Nilivua ule mpira. Nikageuza orodha ya mashahidi tisa wa leseni.

Mwandiko wa wifi naujua, herufi zimesimama wima, kila moja na nafasi yake. "Waheshimiwa, maji ya bomba la wodi ya wazazi yasitumike hata kuogeshea watoto wachanga. Nimeyapima mara tatu. Ninawaomba sana njooni m". Hapo mkasi ulipita. Nusu ya chini sijui aliichukua nani, wala aliandikia nini. Hii ya juu niliichukua mimi. Siku ile mvua ilininyeshea, nakumbuka, nikaikunja na kuiweka kifuani ndani ya nguo isilowane, maana orodha ikilowa kazi imeharibika. Nilitembea mji mzima na maombi ya wifi yangu yamegusana na ngozi yangu, nikigonga milango ya mashahidi wa kuipa kampuni miaka kumi mingine.

Nikageuza ya pili. Ya tatu. Katika kile kitita kulikuwa na nne zenye mwandiko wake.

"Kama hakuna shahidi mwingine aliyeitwa," Mwenyekiti alikuwa anasema, "Tume itafunga ushahidi na—"

Nikasimama. Nilipita katikati ya viti, nikaziweka zile karatasi mezani, upande wa mwandiko wa wifi juu. Wifi alikuwa bado kwenye kiti cha shahidi, karibu kabisa. Alizitambua mara moja. Akanyoosha mkono, akageuza moja, akaona mwandiko wangu nyuma yake, mitaa na saa. Akaigeuza nyingine. Alirudisha mkono wake mapajani na kusogea na kiti, kidogo tu, upande wa pili.

Katibu naye alikuwa amezitambua. Mkono wake ulikuwa mkandani, umeshika funguo.

"Mama, ushahidi wako ulishaisha," Mwenyekiti akasema. "Umepewa hati nyingine ya wito?"

"Sijapewa, mheshimiwa."

"Unafahamu kwamba bila hati huna kinga yoyote?"

"Nafahamu kuliko wote humu ndani. Hakuna aliyeniita. Nimekuja mwenyewe."